Sekunde Ambazo Kichomeo Kilikuwa Peke Yake

Jumatatu, 9 Oktoba

Joto la draya limeruka leo mchana. Nilikuwa mbele ya skrini nikinywa chai, grafu imetulia kama kawaida, halafu laini ikakatika kidogo, na ilipoanza tena ilikuwa juu sana kuliko pale inapotakiwa kuwa. Valvu ikapunguza gesi, joto likashuka, basi. Hakuna aliyeona isipokuwa mimi.

Bado mimi ni mgeni katika kiwanda hiki cha kukaushia mahindi, nje ya Eldoret kwenye barabara ya Turbo. Wakulima wanaleta mahindi mabichi, yanamiminwa juu ya draya, ambayo ni mnara wa mabati mrefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Hewa ya moto inasukumwa na feni kubwa katikati yake, na mahindi yanatoka chini yakiwa makavu. Kichomeo cha gesi kiko ubavuni. Anayeamua moto uwe mkubwa ama mdogo si mtu, ni kompyuta ndogo iliyo kwenye kabati la chuma. Kila sekunde inasoma joto na kusogeza valvu. Kazi yangu ni kuitunza hiyo kompyuta. Programu ya moto yenyewe iliandikwa na Injinia Obiero, ambaye ndiye meneja wetu na ndiye aliyenichukua kazi. Ni mtu mpole. Anakueleza kitu mpaka uelewe, na hakufanyi ujione mjinga.

Nilipomwonyesha grafu alisema kihisio cha joto kimeshika vumbi, kipanguswe.

Alhamisi, 12 Oktoba

Jua siku nzima. Hakuna kilichoruka.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mvua tangu saa nane. Malori yamepanga foleni hadi barabarani. Joto limeruka mara mbili, na kihisio ni safi, nilikipangusa kwa mkono wangu.

Mama alipiga simu kutoka Burnt Forest kuuliza kama kazi inaendelea vizuri. Nilimwambia inaendelea vizuri. Sikumwambia kwamba ninakaa karibu na moto. Tangu nyumba yetu ichomwe, nikiwa darasa la pili, Mama hawezi kutulia mahali moto unapowaka, na mimi nimechukua tabia hiyo kwake. Jirani akichoma takataka mimi hutoka nje kuangalia. Kwa hivyo sasa sijui. Je, naona kitu kwenye ile grafu, ama ni mimi tu?

Jumatano, 18 Oktoba

Kuna mama anayeitwa Kageha, mwendeshaji wa draya. Yeye ndiye anayekaa chini pale, anaangalia mahindi yakitoka, anafungua na kufunga milango ya mnara. Tangu nije hajanisalimia vizuri. Ukimuuliza kitu anajibu huku anaondoka. Nilikuwa nimeamua ni mtu mwenye roho mbaya.

Leo nilimkuta nyuma ya stoo akizika ndoo nzima ya mahindi meusi, yaliyoungua kabisa. Aliponiona alisimama mbele ya lile shimo, kama mtu anayeficha mtoto.

Nilimwuliza yametoka wapi. Akasema ni ya zamani. Nikachukua punje moja, ilikuwa bado ya moto kwenye kiganja. Hapo akashusha sauti. Aliyekuwa mwendeshaji kabla yake alisema draya inaunguza, akaulizwa yeye alikuwa wapi inapounguza, na jioni hiyo hiyo akarudishwa nyumbani.

"Nina watoto wawili shule, Nyakio. Usiniulize tena."

Sikumwuliza tena. Lakini sasa najua si grafu peke yake.

Ijumaa, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa, na sisi tuko kazini kama kawaida kwa sababu mahindi hayajui sikukuu. Mvua asubuhi, mvua mchana. Joto limeruka mara nne.

Nimeanza kushuku kitu. Mwezi jana waliweka kamera getini za kusoma namba za malori, ili madereva wasigombane juu ya nani alitangulia. Programu ya kamera iliwekwa kwenye kompyuta ile ile ya moto. Malori yakiwa mengi, kamera zinakula kumbukumbu yote ya kompyuta, yaani nafasi ambamo programu hufanyia kazi. Na kumbukumbu ikiisha, kerneli, yaani ule moyo wa mfumo unaozigawia programu zote nafasi, haisemi kwamba nafasi imeisha. Inaiambia programu ingoje kidogo hadi ipatikane. Inazunguka ikitafuta vipande ambavyo havijatumika karibuni, inavitupa, ndipo inampa yule anayeomba. Inaweza hata kutupa vipande vya programu ya moto, halafu programu hiyo ikizinduka kufanya kazi yake inajikuta haimo, lazima isomwe upya kutoka kwenye kadi inakohifadhiwa, ambayo ni ya polepole kama konokono.

Muda huo wote programu ya moto imesimama. Lakini moto haujasimama. Valvu inabaki pale ilipoachwa.

Ninahitaji njia ya kuupima muda huo.

Jumanne, 24 Oktoba

Kerneli yenyewe inaweza kuhesabu ni muda gani kila programu imengojeshwa, na kwa sababu gani: kungoja kumbukumbu, kungoja kadi, kungoja zamu. Lakini kwetu hesabu hiyo imezimwa, na kuiwasha ni lazima kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Nilimwomba Injinia Obiero tusimamishe draya nusu siku, maana lazima ipoe kwanza.

Hakukataa kwa ukali. Alinichukua hadi getini akanionyesha. Mwanzo wa foleni ulikuwa mbele yetu na mwisho wake hauonekani. Akafungua gunia moja kwenye lori la mzee mmoja wa Turbo, akanishika mkono akauingiza ndani ya mahindi. Yalikuwa ya moto. Yameanza kuchemka yenyewe kwa unyevu, na harufu ya ukungu ilikuwa inapanda. Alisema kila nusu siku tunayosimama, kuna mtu anayemwaga mavuno ya mwaka mzima, ama, mbaya zaidi, anayeyapeleka nyumbani watoto wayale hivyo hivyo.

Niliuliza tu kuhusu ile swichi ya usalama iliyo kwenye michoro, ile ya kukata gesi joto likizidi bila kupitia kompyuta. Akaangalia pembeni. Akasema ilitolewa mwezi jana kwa sababu ilikuwa inakatakata gesi ovyo, na nyingine imeagizwa.

Mwezi jana. Ndipo kamera ziliwekwa. Swichi haikuwa inakata ovyo.

Nilirudi ofisini nikafungua michoro tena.

Ijumaa, 27 Oktoba

Stima imepotea saa tisa, radi imepiga karibu. Kabla jenereta haijawashwa nilichomoa kadi ya kompyuta, nikaiingiza kwenye laptopu yangu, nikaongeza neno moja kwenye maagizo ya kuamka, nikairudisha. Stima iliporudi kompyuta iliamka ikiwa inahesabu. Sikumwomba mtu ruhusa. Kageha aliniona nikifunga kabati, akageuka akarudi kwenye draya.

Jumatatu, 30 Oktoba

Nilienda kwa Injinia Obiero na takwimu za kwanza, na nikamwambia nilivyozipata. Hakukasirika. Alisoma, akarudia kusoma. Ukigawa muda wote wa kungoja kwa idadi ya mara programu ilizongoja, unapata kitu kidogo mno, sehemu ndogo ya sekunde.

Alivua miwani. "Nyakio, mimi najua ulikotoka. Najua kilichowapata kwenu. Si aibu mtu kuogopa moto. Lakini usichukue woga wako ukauweka kwenye mashine."

Alisema kwa upole, na ndiyo sababu imeniuma hadi sasa. Kwa sababu ndivyo ninavyojiambia mwenyewe kila asubuhi nikivaa viatu.

Alhamisi, 2 Novemba

Wastani unaficha. Mtu akingoja mara elfu bila shida na mara moja akangoja hadi nyumba ikaungua, wastani wake ni mzuri. Nimeandika programu ndogo ya kusoma hesabu hizo kila sekunde, ili nione kila kungoja peke yake.

Jua kali leo. Malori machache. Hakuna kitu.

Jumapili, 5 Novemba

Nilienda kanisani, sikusikia mahubiri. Nilikuwa naangalia mawingu dirishani.

Jumanne, 7 Novemba

Sasa najua.

Mvua ilianza baada ya chakula cha mchana, ile ya kupiga mabati mpaka huwezi kusikia mtu aliye karibu nawe. Malori yalianza kusogea kwa pamoja, madereva wakitaka kuingia chini ya paa. Kamera zikashika kazi. Nilikuwa na laini mbili kwenye skrini, moja ya joto, nyingine ya muda ambao programu ya moto inangojeshwa kwa ajili ya kumbukumbu.

Ya pili ilipanda kwanza. Sekunde nzima. Ikashuka. Sekunde tatu. Halafu zote mbili zikakatika, skrini ikaganda, na mimi nikakaa na mikono magotini. Ziliporudi hesabu ilionyesha programu ya moto ilikuwa imengojeshwa sekunde kumi na moja. Joto lilikuwa limepanda kama lililopandwa na kichaa.

Sekunde kumi na moja kichomeo kilikuwa peke yake, gesi imefunguliwa, hakuna anayekiangalia. Ikawa hivyo tena kabla ya saa kumi. Na tena. Kila mara ni vile vile: mvua inazidi, malori yanasukumana getini, kumbukumbu inaisha, programu ya moto inangoja, joto linaruka. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua nikimwangalia Kageha akiwa chini ya ule mnara na kofia yake ya plastiki, akipapasa mahindi yanayotoka. Alinyanyua macho akaniona. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini alisogea nyuma hatua kidogo kutoka kwa kichomeo.

Nilidhani nikijua kwa hakika nitapata nafuu, kwamba angalau si mimi tu. Lakini kabla ya leo nilikuwa na tumaini kwamba ninajiogopesha bure. Sasa hata hilo sina.

Jumatano, 8 Novemba

Injinia Obiero alizifuata laini zile mbili kwa kidole, tangu mwanzo hadi mwisho. Niliona kitu usoni mwake ambacho sikuwa nimekiona: anaogopa. Nadhani amekuwa akiogopa kwa siku nyingi kuliko mimi, na upole wake wote ule ulikuwa ni mlango aliokuwa ameufunga.

Akasema kamera ni agizo la mwenye kiwanda, Mzee Kinuthia, na yuko safarini hadi Ijumaa. Ijumaa akirudi tutazizima, tutasimamisha kila kitu. Niliuliza kwa nini si leo. Akaonyesha foleni. Nikasema sawa.

Nilisema sawa.

Ijumaa, 10 Novemba

Ilikuwa jana. Jana sikuweza kuandika.

Mvua ilianza mapema, saa nne asubuhi. Laini ya kungoja ikapanda, skrini ikaganda. Nilingoja irudi. Haikurudi. Nilibonyeza kitufe cha kusimamisha draya, kile chekundu cha kwenye skrini, na hapo nikaelewa kwamba kitufe hicho nacho ni programu, nacho kiko kwenye foleni ile ile kinangoja kumbukumbu.

Nilikimbia. Nje hapakuwa na moto wa kuonekana. Kulikuwa na ngurumo tu, kichomeo kikivuma kwa nguvu kuliko nilivyowahi kukisikia, na mvua ikigeuka mvuke kabla haijagusa mabati ya ubavu ule. Kisha harufu. Ninaijua hiyo harufu. Miguu yangu ikakataa. Nilikuwa hatua chache kutoka pale na sikuweza kwenda mbele wala nyuma, nilikuwa na miaka minane na nilikuwa nangoja Mama anishike mkono.

Kageha alikuwa anapiga mabati kwa koleo kuwaita watu. Moshi ulianza kutoka juu, mweusi, makapi yameshika moto. Injinia Obiero alitoka ofisini bila koti, akapita karibu yangu akinigusa bega, akazunguka nyuma ya kichomeo pale penye gurudumu la kufunga gesi. Lile gurudumu ni la chuma na liko kwenye ukuta wa moto. Hakuwa na glavu. Nilimwona akilishika, akaliachia, akalishika tena.

"Feni, Nyakio," alisema. Hakupaza sauti, lakini niliisikia. "Zima feni, zinaulisha moto."

Hapo ndipo miguu ilirudi. Swichi kubwa ya feni iko ukutani kwenye stoo. Niliivuta kwa mikono miwili. Ngurumo ikakatika. Nilipotoka gesi ilikuwa imefungwa, na yeye alikuwa amepiga magoti kwenye matope, mikono ameiingiza ndani ya dimbwi la maji ya mvua.

Madereva na wakulima walimsaidia Kageha kufungua milango ya chini, mahindi yakamwagika yakitoa moshi, watu wakiyamwagia maji kwa ndoo. Gari la zimamoto lilifika likakuta moto umekwisha. Mzee wa Turbo, aliyekuwa ameleta mzigo wa pili, alikuwa amesimama akiyatazama mahindi yake pale chini, nusu meusi, nusu yameloa. Hakunilaumu.

Nilienda na Injinia hospitalini, mikono yake imefungwa ndani ya leso safi ya Kageha. Njiani aliniuliza mara moja tu kama kuna mtu mwingine aliyeumia. Nilimwambia hakuna. Akafumba macho.

Jumapili, 12 Novemba

Kuna jambo linanisumbua. Programu yangu ya kupima nayo inatumia kumbukumbu. Kidogo sana, lakini inatumia. Je, kama siku ile ni mimi niliyejaza kile kidogo kilichobaki?

Nimepitia rekodi tangu asubuhi. Joto liliruka kabla programu yangu haijakuwepo, swichi ilikuwa inakata gesi kabla mimi sijaajiriwa, Kageha alikuwa akizika mahindi kabla sijaiandika. Hilo ni wazi. Lakini kuhusu Alhamisi yenyewe siwezi kusema sehemu yangu ilikuwa sufuri. Nimejaribu kuipata sufuri, haipatikani.

Mama amepiga simu mara tatu. Ameshasikia. Nimeshindwa kushika simu.

Jumanne, 14 Novemba

Mzee Kinuthia alituita sote watatu, mimi, Injinia na Kageha. Injinia Obiero alikuja na mikono iliyofungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Mzee ni mtu mkubwa wa mwili, hasemi mengi, na nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Aliuliza tu kilichotokea.

Nilimwonyesha laini mbili. Nilimweleza kungoja kumbukumbu ni nini, kamera zinahusika vipi, na kwa nini kitufe chekundu hakikusikia. Halafu nikamwambia kuhusu programu yangu.

"Kwa hivyo wewe pia umo," akasema.

"Nimo, Mzee. Ni kiasi kidogo, lakini siwezi kusema simo."

Kisha Injinia Obiero akasema swichi ya usalama aliitoa yeye kwa mkono wake, kwamba ilikuwa inasema kweli na yeye akainyamazisha, na kwamba msichana huyu alimwambia Jumatano asimamishe naye akamwambia Ijumaa. Kageha, ambaye alikuwa amesimama mlangoni kana kwamba atakimbia, akasema mahindi yaliyoungua alikuwa anayazika.

Mzee Kinuthia alituangalia mmoja mmoja.

"Na mimi ndiye niliyesema kamera ziwekwe hapo hapo, nisinunue kompyuta nyingine," akasema. "Sasa mniambie vile tutafanya."

Hakumfukuza mtu. Wakulima walioharibikiwa atazungumza nao yeye mwenyewe, amesema, kuanzia kwa mzee wa Turbo. Na akaweka sheria moja: sisi watatu, yeyote kati yetu, anaweza kusimamisha draya bila kuomba ruhusa, na hataulizwa alikuwa wapi.

Jumatano, 22 Novemba

Kamera zimehamishiwa kompyuta yao. Programu ya moto nimeifunga ndani ya kumbukumbu, kerneli hairuhusiwi tena kutupa kipande chake hata kimoja. Swichi ya usalama imerudi, mpya, na kuna kitufe cha kusimamisha chenye waya wake, kisichopitia kompyuta yoyote. Injinia Obiero hawezi kushika bisibisi, kwa hivyo alikaa kwenye kiti cha plastiki akaniambia waya upi uende wapi.

Tulipokuwa tayari kuwasha, nilikataa. Nilijaza kompyuta kwa makusudi hadi kumbukumbu ikaisha, kichomeo kikiwa baridi, na tukaangalia laini ya kungoja mchana wote. Haikupanda. Malori yalikuwa yanapiga honi. Injinia hakuniharakisha.

Jioni nilimpigia Mama. Nilimwambia yote, hata miguu ilivyokataa. Aliniuliza tu nani alinigusa bega.

Jumatatu, 27 Novemba

Mvua kubwa kuliko zote. Foleni hadi barabarani. Joto limetulia. Bado sikuweza kula mchana.

Ijumaa, 1 Desemba

Leo saa tano draya ilizimika ghafla. Nilitoka mbio nikamkuta Kageha amesimama karibu na kitufe kipya, mkono bado uko juu yake.

"Nimesikia harufu," akasema. "Ya kuungua. Nimezima."

Injinia Obiero alifika na bandeji zake. Mimi na Kageha tuliupanda mnara, tukafungua milango yote, tukanusa kila mahali. Laini ya kungoja ilikuwa chini kabisa, joto lilikuwa sawasawa. Hakuna kitu. Madereva walianza kunung'unika, mmoja akasema kwa sauti kwamba wanawake hawa watatuchelewesha mpaka Krismasi.

Tulizunguka nyuma ya stoo. Askari wa geti alikuwa amechuchumaa kando ya jiko la makaa, anachoma mahindi mawili.

Kageha alifunika uso wake kwa mikono. Alianza kuomba msamaha, kwa Injinia, kwangu, hata kwa askari, maneno yakimtoka kwa haraka kama mtu anayeona barua ya kufukuzwa mbele yake. Injinia Obiero alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwomba askari mahindi, na kwa kuwa vidole vyake havijapona, Kageha akalazimika kumpukuchulia.

Tulikula tukiwa tumesimama, sote wanne, huku draya imezimwa na malori yanangoja. Hakuna aliyetuharakisha, na kama yupo, sikumsikia. Tulipomaliza, Injinia alimwambia Kageha aende akawashe wakati atakapokuwa tayari, si kabla.

Alikaa kidogo zaidi. Nasi tukakaa naye.